Kiswahili cha Mdomo na Kiswahili cha Kalamu: Sheikh Kaluta Amri Abedi na Bunge la Tanganyika

1. Utangulizi

Historia ya Kiswahili katika mabunge ya Afrika husimuliwa mara nyingi kwa tarehe chache: siku rais alipohutubia kwa Kiswahili, siku chama tawala kilipoamua, siku amri ilipotangazwa. Tarehe hizo ni za kweli, nasi tutazitaja mahali pake. Lakini zinafunika tofauti moja ambayo makala haya yanakusudia kuiweka wazi. Kuna Kiswahili cha mdomo na kuna Kiswahili cha kalamu. Bunge laweza kujadiliana kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, kisha likapitisha sheria iliyoandikwa kwa lugha nyingine, ambayo mwananchi aliyemchagua mbunge hawezi kuisoma. Hapo mwananchi amesikia maneno, ila hakupewa andiko. Na anapofikishwa mahakamani, atahukumiwa kwa andiko.

Ili kuieleza tofauti hiyo, tumechagua mtu mmoja aliyekuwa mshairi kabla ya kuwa mbunge na waziri: Sheikh Kaluta Amri Abedi. Katika muda wa miaka miwili tu, 1963 na 1964, alishika Wizara ya Sheria, kisha Wizara ya Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Tutaangalia kwanza alikotoka, halafu Bunge alimofanyia kazi, kisha yaliyofuata katika sheria, utamaduni, michezo na elimu. Mwisho tutauliza historia hiyo yatuhusu nini sisi wa Kongo, ambao katiba yetu inasema neno zito kuhusu jambo hilihili.

2. Ujiji na sheria za kutunga mashairi

Sheikh Amri alizaliwa Ujiji, kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa Tanganyika, mwaka 1924. Kwa msomaji wa Kongo, Ujiji si ugenini. Ndiyo bandari iliyounganisha njia ya misafara itokayo Tabora na njia ziendazo Kasongo na Nyangwe, na ndipo watu wengi wenye asili ya Maniema walipofanya maskani. Kiswahili kilichovuka ziwa kuja kwetu katika karne ya kumi na tisa kilipita hapo. Kwa hiyo mtu wa Ujiji alikulia katika mji ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya watu wa makabila mengi waliokutana kwa biashara na kwa dini, wala si mali ya pwani peke yake.

Alisoma Tabora, akawa mhubiri wa jumuiya ya Ahmadiyya, akashiriki chini ya Sheikh Mubarak Ahmad katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa mwaka 1953. Mwaka uliofuata, 1954, kilitoka kitabu chake kilichompa jina kati ya wasomi: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Sehemu ya kwanza ya kitabu ni mafunzo. Sehemu ya pili ni diwani ya mashairi yake mwenyewe. Mafundisho ya sehemu ya kwanza yanajulikana na kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili: shairi lina vina, lina mizani, na kila ubeti hujitosheleza kwa maana. Asiyefuata hayo, kwa maoni yake, ameandika kitu kingine.

Mafundisho hayo yalizua ubishi mkubwa miaka ishirini baadaye, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walipotetea mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Hatukusudii kuurudia ubishi huo. Tunataka kuonyesha jambo moja ambalo wabishani wa pande zote mbili hawakuliangalia sana: neno alilolichagua Sheikh Amri kwa kichwa cha kitabu chake ni sheria. Hakusema desturi, wala hakusema ufundi. Alidai kwamba Kiswahili kina sheria zake chenyewe, kwamba zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na kwamba aliyezijifunza anaweza kumhukumu mtungaji kwa haki bila kwenda kuazima kipimo cha Ulaya. Dai hilo lilitolewa mwaka 1954, wakati Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipokuwa likiendesha shughuli zake kwa Kiingereza.

3. Bunge jipya na hotuba ya 1962

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ikawa jamhuri mwaka mmoja baadaye. Katika kipindi hicho Sheikh Amri alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa jiji la Dar es Salaam na mbunge wa upande wa Kigoma.

Mambo mawili ya Bunge la miaka hiyo yanahusu mada yetu. La kwanza ni la elimu. Sheria ya elimu ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika Januari 1962, ilivunja mgawanyo wa shule kwa rangi. Chini ya wakoloni kulikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila aina na bajeti yake. Tangu hapo zikawa za mfumo mmoja. La pili ni la utamaduni. Tarehe 10 Desemba 1962, Julius Nyerere alilihutubia Bunge akiwa rais wa jamhuri, na alilihutubia kwa Kiswahili. Katika hotuba hiyo alieleza kwamba dhambi kubwa kuliko zote za ukoloni ilikuwa kumfanya Mwafrika aamini kuwa hana utamaduni wake. Alitaja hata ngoma: waliosoma walijivunia kujua dansi za Kizungu, ilhali wengi wao hawakujua kucheza ngoma za wazee wao. Akatangaza kuundwa kwa wizara mpya, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ambayo waziri wake wa kwanza alikuwa Lawi Nangwanda Sijaona.

Siku hiyo inakumbukwa kwa haki. Hata hivyo yafaa kuangalia ilitoa nini na haikutoa nini. Ilikipa Kiswahili heshima ya mdomo mahali palipokuwa pa juu kuliko pote nchini. Haikubadili kalamu. Miswada iliendelea kuandaliwa kwa Kiingereza, na sheria zilizotokana nayo zikachapwa kwa Kiingereza. Mbunge aliweza kuutetea au kuupinga mswada kwa lugha ya wapiga kura wake, lakini alichopigia kura kilikuwa kimeandikwa kwa lugha nyingine.

4. Wizara ya Sheria, 1963

Hapo ndipo Sheikh Amri aliposhika Wizara ya Sheria. Yafaa kukumbuka hali aliyoikuta. Chini ya ukoloni kulikuwa na mahakama za aina mbili. Mahakama za wenyeji zilihukumu kwa mila, mbele ya machifu na wasaidizi wao, na mara nyingi karani aliandika kumbukumbu kwa Kiswahili. Mahakama nyingine zilihukumu kwa sheria za Kiingereza na kwa lugha ya Kiingereza, na mlalamikaji aliyefika huko alimtegemea mkalimani. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha sheria ya mahakama za mahakimu iliyounganisha njia hizo mbili kuwa ngazi moja: mahakama ya mwanzo, mahakama ya wilaya, na juu yake Mahakama Kuu. Mwaka huohuo mamlaka ya machifu yaliondolewa kisheria, na kazi ya kuziandika sheria za mila ikatangazwa katika gazeti la serikali.

Kuunganisha ngazi kulileta tatizo la lugha ambalo halikuwepo zamani kwa uzito huo. Kesi iliyoanza kijijini kwa Kiswahili sasa ingeweza kupanda kwa rufani hadi mbele ya jaji asomaye Kiingereza. Je, neno alilolisema shahidi chini litafika juu likiwa lilelile? Chini ya Sheikh Amri, wizara ilianzisha kazi ya kukusanya na kusanifu istilahi za sheria kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilishirikisha Kitivo cha Sheria cha chuo kikuu cha Dar es Salaam, kitivo cha kwanza cha chuo hicho, kilichofunguliwa mwaka 1961. Orodha ya istilahi ilichapishwa mwaka 1968, miaka minne baada ya kifo chake.

Ugumu wa kazi hiyo haukuwa upungufu wa maneno, kama wengi wadhanivyo. Kiswahili kilikuwa na maneno ya sheria mengi kuliko lugha nyingi za Afrika. Mahakama za makadhi zilikuwa zimekipa hakimu, shahidi, hukumu, wakili, dhamana, mirathi, wosia na talaka. Utawala wa Kiingereza ulikuwa umekiachia jaji, korti na kesi. Kutokana na mizizi yake ya Kibantu kilikuwa na uamuzi, kiapo na kifungo. Ugumu ulikuwa katika mipaka ya maana. Chukua maneno matatu: hukumu, uamuzi, amri. Katika mazungumzo ya barazani mtu huweza kuweka moja mahali pa jingine bila kupotosha maana. Mahakamani haiwezekani. Hukumu huimaliza kesi, uamuzi waweza kutolewa njiani wakati kesi ingali inaendelea, na amri humtaka mtu afanye jambo au aliache. Haki ya kukata rufani yaweza kutegemea ni lipi kati ya hayo matatu lililotolewa.

Mshairi wa vina na mizani ameizoea nidhamu ya namna hiyo. Anajua kwamba neno moja likibadilishwa mstari mzima waweza kuharibika, hata kama maneno mawili yakaribiana kwa maana. Ndiyo sababu twaona kwamba Sheikh Amri hakuacha kazi moja akaanza nyingine alipotoka katika kitabu cha 1954 akaingia katika wizara ya 1963. Msimamo wake ulikuwa uleule: lugha ikiwa na sheria zake zilizoandikwa, inaweza kubeba sheria za nchi. Wengine walikipigania Kiswahili kwa sababu kinaunganisha watu. Yeye aliongeza sababu ya pili, kwamba kinaweza kupima na kubainisha, na akakubali kulipa gharama ya sababu hiyo, ambayo ni kazi ndefu ya kuketi na wanasheria na kuchambua neno baada ya neno.

5. Utamaduni na michezo

Mwaka 1964, mwaka wa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, Sheikh Amri alihamishiwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Hakuishika kwa muda mrefu. Alifariki mwezi Oktoba mwaka huohuo akiwa Bonn, Ujerumani, naye ana umri wa miaka arobaini hivi. Mwaka huohuo Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, iligeuzwa kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika chuo kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1967 ndio Bunge lilipoyapa mambo ya utamaduni umbo la kisheria. Mwezi Januari Rashidi Kawawa, aliyekuwa Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali. Kawawa mwenyewe aliijua nguvu ya lugha mbele ya hadhira, kwani kabla ya siasa alikuwa ameigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu. Katika mwaka huohuo Bunge lilitunga sheria mbili zilizo kama ndugu: moja iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, nyingine Baraza la Michezo la Taifa. Kuwekwa kwa lugha na michezo katika mwaka mmoja hakukuwa ajali. Katika mawazo ya hotuba ya 1962, ngoma, lugha na mchezo wa vijana ni sehemu za roho moja ya taifa, na serikali inayotaka kulijenga taifa haiwezi kuziacha zijiendeshe.

Mawazo hayo yalikuwa na faida na hasara. Faida yake ilionekana mwaka 1976, Tanzania ilipokuwa kati ya nchi za Afrika zilizosusia michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa ajili ya uhusiano wa michezo kati ya New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi. Nchi ilithubutu kusema kwamba uwanja wa michezo nao una haki na dhuluma. Hasara yake ni kwamba Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 kule Christchurch, alikosa kukimbia Montreal. Gharama ya msimamo ililipwa na mwanariadha.

Lipo jambo dogo la kuzingatiwa hapa. Mawaziri wawili wa kwanza wa utamaduni tuliowataja wanakumbukwa na umma kwa viwanja vya michezo: uwanja wa Mtwara una jina la Nangwanda Sijaona, na uwanja wa Arusha una jina la Sheikh Amri Abeid. Vijana wengi wanaolitamka jina hilo kila wiki kwa ajili ya kandanda hawajui kwamba lilikuwa la mshairi. Hatulalamiki, ni heshima kubwa kutajwa na watu wengi hivyo. Ila inaonyesha tena jinsi mdomo unavyotangulia na kalamu inavyochelewa.

6. Elimu, na njia ndefu hadi 2021

Katika elimu, mwaka 1967 ulileta siasa ya Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia madarasa yote ya shule za msingi. Kilisimama hapo. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia shule za sekondari mwaka 1985 na baadaye chuo kikuu. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikifungulia tena Kiswahili mlango katika ngazi zote, lakini shule za sekondari ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza.

Matokeo yake katika sheria yaeleweka. Mwanasheria aliyefundishwa kwa Kiingereza huandika kwa Kiingereza, na asiyeandika kwa Kiswahili hatazihitaji istilahi zilizokusanywa. Hivyo orodha ya 1968 ilikaa vitabuni zaidi kuliko mahakamani. Mahakama za mwanzo zilihukumu kwa Kiswahili, lakini kadiri kesi ilivyopanda ndivyo Kiingereza kilivyotawala, na kumbukumbu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa lugha hiyo. Kenya ilipata somo hilohilo kwa njia ya mkato: mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Bunge lijadili kwa Kiswahili, ila sheria zenyewe zilibaki kwa Kiingereza, na mbunge akalazimika kukisoma kifungu kwa lugha moja na kukijadili kwa nyingine.

Ni mwaka 2021 tu ambapo Bunge la Tanzania, katika kikao cha Dodoma, lilipitisha marekebisho yanayofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku yakiacha nafasi ya Kiingereza pale ambapo haki yahitaji hivyo. Tangu 1963 hadi 2021 ni miaka hamsini na minane. Kazi aliyoianza waziri mmoja kwa kukusanya istilahi ilisubiri maisha ya mtu mzima kabla ya kupewa nguvu kamili ya sheria.

7. Funzo kwa Kongo

Msomaji aweza kuuliza: haya yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu andiko letu limesonga mbele kuliko vitendo vyetu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inafanya Kifaransa kuwa lugha rasmi na kuzitaja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Kifungu cha 18 kinataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Kifungu cha 142 kinaitaka Serikali kuieneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika muda wa siku sitini tangu kutangazwa kwake. Sheria ya elimu ya taifa ya mwaka 2014 nayo inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia na kuwa masomo.

Siku sitini ni muda mfupi sana. Sheria yenye vifungu mia mbili haiwezi kutafsiriwa kwa haki katika muda huo ikiwa kila mtafsiri anaanza kwa kutafuta neno la kila dhana. Yaani kifungu cha 142 kinadai, bila kusema, kuwepo kwa kazi ileile iliyofanywa Dar es Salaam kati ya 1963 na 1968: orodha ya istilahi iliyokubaliwa na wanasheria pamoja na wanaisimu.

Hapo tunakuta tatizo ambalo ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa hawakuwa nalo kwa kiasi hicho. Mtu wa Lubumbashi au Bukavu husema tribinali, avoka na buloko. Katika maandishi sanifu atakuta mahakama, wakili na gereza. Kifaransa cha mahakama zetu nacho kina mipaka yake: kwa mfano, huita hukumu ya tribinali kwa neno moja na hukumu ya korti ya juu kwa neno jingine. Tukichukua istilahi za Tanzania bila kuzipima, tutapata andiko sahihi ambalo mshtakiwa wa Kamalondo halielewi. Tukiandika maneno ya mtaani peke yake, tutapata andiko linaloeleweka mjini na kutatanisha Kasongo au Kisangani. Maoni yetu ni kwamba neno sanifu litangulie, na neno la mahali lifuate kando yake katika maelezo, mpaka mazoea yaamue. Sheikh Amri mwenyewe alitoka katika mji uliozoea Kiswahili cha njia nyingi. Hilo halikumzuia kudai kipimo kimoja cha maandishi.

Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jambo hili limeongezeka uzito. Mfanyabiashara wa Uvira anayevuka kwenda Kigoma anahitaji kujua kwamba neno dhamana katika mkataba wake lina maana moja pande zote mbili za ziwa.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya Kiswahili bungeni ina sehemu mbili ambazo hazikwendi sawa. Sehemu ya mdomo hupatikana kwa hotuba na kwa amri, hata kwa siku moja. Sehemu ya kalamu hupatikana kwa kazi ya miaka, na haitimii ikiwa shule hazifundishi wale watakaoishika kalamu hiyo. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliiona sehemu ya pili mapema kwa sababu alikuwa ameandika sheria za mashairi kabla ya kukabidhiwa sheria za nchi.

Idara zetu za Kiswahili na vitivo vyetu vya sheria mara nyingi vimo katika chuo kikuu kimoja, hatua chache kutoka mlango hadi mlango. Kifungu cha 142 kinasubiri. Yafaa kuanza na sheria zinazomgusa mwananchi kila siku, za familia, za ardhi na za kazi, na kuziwekea istilahi zake kwa utaratibu. Mtu anayepelekwa mbele ya hakimu ana haki ya kulisoma neno litakalomfunga au kumwachia huru.